Tone la Saba

Nchi ya Usafini haimo katika ramani yoyote. Kondo Mwinshehe alipoulizwa aliifikiaje, alijibu kwamba njia ni ndefu, haina la maana, na walioifuata kwa kutafuta sifa walirudi na malengelenge tu. Yeye alipenda kusimulia aliyoyakuta huko. Alikuwa mwalimu mkuu, mtu wa maneno machache, mwepesi wa kukasirika na mwepesi zaidi wa kusahau, na watu wa kwao walimtuma akatazame jinsi mataifa mengine yanavyowatunza watoto wao wenye akili. Wenzake walikwenda nchi zinazojulikana. Yeye akaangukia Usafini, na hakujuta.

Kwanza wapewe haki yao Wasafini: hakuna watu wanaopenda elimu kama wao. Kila nyumba, hata ya mjane, hutoa kikapu cha nafaka kila mavuno kwa ajili ya Chuo cha Kilimani. Vijana wanaoshinda mtihani wa kuingilia huvishwa joho jeupe uwanjani, mbele ya mji mzima, na tangu siku hiyo chakula chao, malazi yao, karatasi zao na walimu wao huwa juu ya nchi mpaka wahitimu. Huo waliuita Ufadhili wa Joho. Kondo aliona mtoto wa mvuta mkokoteni akivishwa. Akaona baba yake, jitu la miraba minne, akilia kama mtoto mchanga bila kujificha, na majirani wakimbeba juujuu. Kondo naye alipiga makofi. Alijiambia, hawa ndio watu, na nchi yetu ije ijifunze hapa.

Alijiambia hivyo kabla hajaelezwa sheria ya kulitunza joho.

Sheria yenyewe ilikuwa fupi. Mwanafunzi akikosea darasani, jibu likienda upande au hesabu ikipinda, Msimamizi wa Madoa huchovya unyoya katika wino na kumdondoshea tone moja johoni. Sabuni haikuruhusiwa kuligusa joho, chuoni wala nyumbani. Likidondoka tone la saba, joho huvuliwa palepale, na chakula, malazi na ruhusa ya kukanyaga darasani huondoka nalo. Aliyevuliwa hakurudishiwa kamwe.

"Nafaka ni ya watu, mwalimu," alieleza Bwana Faki, ambaye ndiye alikuwa Msimamizi wa Madoa, mtu mpole, mwenye vidole vyeusi daima. "Mjane anawanyima wanawe ili amlishe mwanachuo. Sasa tumlishe anayekosea?"

Kondo aliona hoja ina uzito, maana hata kwao walikuwako vijana waliokula ufadhili wakalala. Akauliza tu kama swali nalo huhesabiwa kosa.

"Swali ni ushahidi kwamba mtu hajui," alijibu Bwana Faki kwa upole. "Tone."

"Kwetu tunasema kuuliza si ujinga."

"Hata sisi tunasema. Lakini tunalisema nje ya lango."

Kesho yake Kondo alikaribishwa darasani. Mwalimu aliingia, akasalimu, akauliza jambo, na vijana hamsini wenye akili kuliko wote nchini wakatazama dari. Mwalimu hakukasirika. Alijijibu mwenyewe, akajisifu kwa jibu, akaendelea. Jioni Kondo aligundua kwamba wanafunzi walikuwa wamekwisha kusomewa maswali ya mtihani wiki iliyotangulia, kwa sababu mwalimu ambaye wanafunzi wake wanachafuka huchukiwa na wazazi, na hakuna mwalimu aliyetaka kuchukiwa na mtu aliyebeba kikapu cha nafaka.

Masomo nayo yalijipanga yenyewe. Ukumbi uliojaa mpaka madirishani ulikuwa wa Elimu ya Salamu, ambamo kijana husoma miaka minne namna ya kuamkia na kuitikia, na tangu somo lianzishwe hakuna aliyedondoshewa tone ila mmoja aliyekuwa na kigugumizi. Uliofuata ni wa Historia ya Jana. Hakuna aliyesoma historia ya juzi, kwa kuwa juzi watu huanza kubishana. Waganga walifuzu kwa kutaja majina ya mifupa kwa sauti nzuri, na mjini palikuwa na tabibu wa joho jeupe kabisa, fahari ya mtaa, ambaye hajawahi kumgusa mgonjwa asije akakosea. Watu walimpitia kumsabahi, kisha wakaenda kwa mkunga.

Kondo alihudhuria pia kikao cha Baraza la Majoho, la wahitimu wanaoiamulia nchi, kilichojadili kutwa nzima kama tone lililoanguka kwa sababu Msimamizi alipiga chafya ni tone au si tone. Mmoja alisema wino ni wino. Mwingine alisema chafya haina nia. Wa tatu alipendekeza lihesabiwe nusu, ikabidi iundwe kamati ya kutafuta mtu mwenye nusu nyingine. Kondo alitafuna mswaki wake, akafikiria nchi ya kwao, na hakucheka sana, maana nyani haoni kundule.

Alikuwa amepanga kwa Bi Mize, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya pili, aliyeishi kwa kusuka mikeka. Bi Mize alikuwa na mwana mmoja, Mboja, aliyependa kulala kwao kuliko chuoni, na Mboja alikuwa na joho. Mtaa mzima ulimwita mama yake Mama Joho. Kwenye harusi aliwekwa mbele. Dukani alipewa kigoda. Kila asubuhi alimsindikiza binti yake mpaka langoni akimshikia mwavuli, jua likiwaka, ili kunguru asimchafue.

Lakini joho la Mboja lilikuwa na matone sita.

"Usimtazame hivyo, mwalimu," alisema Bi Mize usiku wa kwanza, huku akipakua wali. "Sita si saba."

Matone hayo yalitoka wapi? Mboja alikuwa anasoma Elimu ya Madaraja, ambako hesabu hupinda kwa urahisi, peke yake, katika chumba kilichokuwa ghala, chini ya mwalimu mzee ambaye kila mtu alidhani amekwisha kufa. Mto Fundo ulipita katikati ya Usafini, soko ng'ambo hii na mashamba ng'ambo ile, na watu waliuvuka kwa kushika kamba. Mvua zikizidi, hawakuvuka. Kwa muda ambao hakuna aliyeukumbuka mwanzo wake, Baraza lilikuwa limeamua daraja lijengwe, mawe yalikuwa yamechongwa na kupangwa ukingoni, na mafundi walikuwa wanangoja mwenye joho awachoree. Kila mwenye joho alitazama mto, akatazama nguo yake, akaenda kusoma salamu.

"Kwa nini wewe ukaingia huko?" Kondo alimuuliza Mboja. Binti alikuwa mrefu, mwenye kutazama mtu usoni, na madoa yake aliyavaa kifuani bila kuyaziba kwa mtandio.

"Mwalimu, mimi nilizaliwa ukingoni. Mama alikuwa anakwenda kwa mkunga, mto ukafurika, akakaa kungoja upungue. Mimi sikungoja."

"Hukungoja wala hukunipa nafasi ya kukaa vizuri," alidakia mama yake.

"Basi nikaona deni la daraja liko kwangu."

"Deni liko kwa waliokula nafaka miaka yote hiyo," alisema Bi Mize, akamgeukia mgeni. "Mwambie, mwalimu. Mimi ananisikia kama redio ya jirani. Bwana Faki mwenyewe, Mungu ampe heri, amekuja hapa hapa kwenye mkeka huu, akamwomba ahamie Salamu kwa muhula huu wa mwisho. Atoke na sita yake, ahitimu, avae joho mpaka kaburini. Mwenyewe hataki!"

"Mama, nikihama, nani atachora?"

"Atachora atakayezaliwa ukingoni siku nyingine."

Mboja alicheka, mama akacheka pia, lakini Kondo alimwona Bi Mize akizidi kupakua wali ingawa sinia lilikuwa limejaa. Mwanamke yule hakuwa na kingine cha kujivunia duniani. Kondo alikuwa mwalimu miaka mingi, akajua pia kwamba binti huyu ndiye mwanafunzi pekee aliyemkuta katika nchi nzima, na akaona fahari kula naye sinia moja, ingawa hakuwa ndugu yake.

Muhula wa mwisho uliisha kwa jambo moja tu kwa Mboja: kulisimamisha daraja lake mbele ya Baraza. Angeleta mchoro na mfano wa udongo, wenye majoho wangeutafutia kosa, na wasipoliona, angehitimu na ujenzi ungeanza siku hiyohiyo. Wakiliona, tone la saba.

Asubuhi ya siku hiyo Kondo alimsaidia kubeba mfano. Mvua ilikuwa imenyesha kwa siku kadhaa mfululizo, na walipofika mtoni Mboja alisimama. Maji yalikuwa mekundu. Mahali ambapo nguzo ya kati ingekaa, maji yalizunguka, yakachimba, yakameza kichaka kizima na mizizi yake, yakakitema chini zaidi. Mboja aliweka mfano chini. Alitazama kwa muda mrefu, kisha akatupa kijiti, kisha kingine.

"Nilipima kiangazi," alisema.

"Unasemaje?"

"Nilipima kiangazi, mwalimu. Palikuwa na mwamba. Niligonga kwa mti, pakalia mwamba. Kumbe ni jiwe lililokaa juu ya mchanga, na mchanga unaondoka." Uso wake ulikuwa umekauka. "Nguzo ya kati itasimama mwaka mmoja. Labda miwili. Kisha itaanguka na watu juu yake."

Kondo alikuwa na maneno mengi ya kumwambia mwanafunzi aliyekosea, na yote aliyatumia kwao kwa hasira na kwa mapenzi. Kufanya kosa si kosa. Kosa moja haliachi mke. Yote yalikuwa kweli, na hapa hakuna hata moja lililokuwa sheria. Akabeba mfano, wakaenda.

Uwanja ulikuwa umejaa. Mafundi walikuja na patasi zao wakiongozwa na Fundi Makame, mzee wa mabega mapana ambaye baba yake naye alikufa akingoja kujenga. Bi Mize alikaa mbele kwenye kigoda, amevaa kanga mpya. Wenye majoho waliketi safu moja, weupe mpaka macho yakauma, na katikati yao Bwana Vuai, Mkuu wa Majoho.

Mboja aliweka mfano mezani na kueleza. Alieleza kama mtu anayesoma hati ya kesi yake mwenyewe: urefu, upana, mawe, nguzo. Wenye majoho waliuzunguka mfano. Mmoja aliugusa kwa kidole, akakitazama kidole kama kimechafuka. Mmoja aliuliza kama daraja litakuwa na mahali pa watu kusalimiana, akajibiwa lipo, akaridhika. Wakarudi kuketi.

"Baraza halioni kosa," alitangaza Bwana Vuai.

Uwanja ulilipuka. Bi Mize aliruka toka kigodani akapiga kigelegele kilichofika mashambani. Bwana Faki alifunika kibuyu chake cha wino kwa furaha ya dhati, maana alimpenda binti yule. Mafundi walianza kukusanya zana. Mboja alibaki amesimama pale pale, na Kondo akaona anahema.

"Kosa lipo," alisema Mboja.

Hawakusikia. Akasema tena, kwa sauti ya mama yake.

"Kosa lipo! Nguzo ya kati imekaa juu ya mchanga. Nilipima vibaya. Itaanguka."

Mafundi waliacha kukusanya zana. Bwana Vuai aliinama mbele, akazungumza naye polepole, kama baba.

"Mwanangu, umeshafaulu. Kaa kitako."

"Nimefaulu vipi, bwana mkubwa, na daraja linaanguka?"

"Daraja bado halijajengwa. Kitu ambacho hakijajengwa hakianguki."

Hapo ndipo mjadala ulipozuka, na Kondo aliufuata neno kwa neno. Wa kwanza alisema kosa lisiloonekana na Baraza si kosa, ni mawazo ya mtu. Wa pili alisema mwanafunzi hana mamlaka ya kujisahihisha, kwani hiyo ni kazi ya walimu. Wa tatu, aliyekuwa mkongwe na mwaminifu kuliko wenzake, alikumbusha kwa sauti ndogo kifungu cha zamani: anayepitisha kosa la mwenzake, tone la kosa hilo humhusu naye. Wenye majoho wote wakatazama vifua vyao kwa pamoja. Tangu hapo mjadala ulikwenda haraka sana. Waliamua, bila hata mmoja kupinga, kwamba mchanga wa Mto Fundo ni mgumu.

"Ni mgumu," alirudia Bwana Vuai. "Imeamuliwa. Hongera, Mboja binti Mize. Joho ni lako maisha yako yote."

Mboja alimtazama mama yake. Kondo alimtazama Bi Mize pia, na akasema baadaye kwamba hajawahi kuona uso ukipiganiwa hivyo. Mwanamke yule alielewa kila kitu. Alielewa kigoda, harusi, jina, mwavuli. Kinywa chake kilikuwa wazi, na hakuna aliyejua kitatoka nini.

"Mchanga ni mgumu?" aliuliza mwishowe. "Mimi nimekaa juu ya mchanga ule na uchungu wa uzazi. Nilizama mpaka magotini." Akashika kiuno. "Maji ukiyavulia nguo, mwanangu, huna budi kuyaoga."

Mboja alikwenda kwa Bwana Faki. Alimwomba unyoya. Bwana Faki alikumbatia kibuyu, akatikisa kichwa, machozi yakimtoka. Katika maisha yake ya kudondosha wino hajawahi kuombwa. Basi Mboja akauchukua mwenyewe taratibu mkononi mwake, akauchovya, akauinua juu ya kifua chake, akangoja mpaka kila mtu aone. Tone likaanguka. Lilianguka chini kidogo ya mengine, zito na jeusi, likasambaa.

Sheria ilikuwa sheria, hata Baraza halikuweza kulirudisha tone juu. Joho lilivuliwa palepale uwanjani. Chini yake Mboja alikuwa na gauni kuukuu la nyumbani, na kabla wanaume hawajapata muda wa kutazama pembeni, Bi Mize alikuwa amekwisha kumfikia. Alivua kanga yake mpya ya juu, akamvisha binti yake mabegani, akaifunga fundo shingoni. Hapakuwa na kigelegele. Wazazi wengine waliwavuta watoto wao nyuma, kama kuna ugonjwa. Kondo, aliyekuwa mgeni na aliyepaswa kutazama tu, alijikuta amesimama wima kama mbele ya bendera.

Nje ya uwanja mafundi walikuwa wamewatangulia. Walijipanga njiani, zana mikononi, nyuso hazisomeki. Mboja alipunguza mwendo. Alikuwa hana chuo, hana chakula cha kesho, na yeye ndiye aliyekuwa amewanyima kazi waliyoingojea tangu enzi za baba zao. Fundi Makame alimzibia njia.

"Shikamoo, mzee," alisema Mboja.

"Marahaba." Mzee alikohoa. "Sasa hiyo nguzo ya kati. Tuiweke wapi?"

Mboja aligeuza macho upande wa mtoni. Nyuma yake wenye majoho walikuwa wanatoka uwanjani, na wote walisikia.

"Bado sijui," alisema. "Twendeni tukapime."

Katika nchi ile, neno hilo, sijui, halikuwahi kusemwa hadharani na mtu aliyewahi kuvaa joho, na Kondo alidhani wale wazee watacheka. Fundi Makame aliitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyeambiwa bei ya haki, akawapungia wenzake mkono. Wakashuka wote mtoni.

Kondo aliketi ukingoni na Bi Mize mchana ule. Mvua ilirudi, nyepesi, na Mboja alikuwa amejifunga kamba kiunoni, mafundi wakiishika, anachoma mti majini, anasikiliza, anasogea, anachoma tena. Mara mbili aliteleza akapotea mpaka shingoni. Mara zote mbili alitoka anapiga kelele za vipimo, na mzee mmoja ukingoni akiweka jiwe kwa kila kipimo. Tope lilimpaka mpaka nywele.

Mama mmoja wa mtaani alipita na mwanawe, kijana wa Salamu, mwavuli juu ya joho lake lisilo na hata chembe. Alisimama, akainamisha kichwa kama msibani.

"Pole, Bi Mize. Pole sana, mwaya. Ndiyo hivyo tena."

Bi Mize hakusimama. Alikuwa amelowa, kichwa wazi, na mgongo wake ulikuwa umenyooka kuliko siku zote alizokaa kwenye kigoda.

"Pole ya nini?" alisema kwa ile sauti ya kuita ng'ambo, mafundi wote wakageuka. "Yule aliye majini mpaka kifuani ni mwanangu. Ng'ambo ile wanangoja kuvuka. Na mwanao, huyo mkavu, anangojwa na nani?"